Mkaa Uliomeza Ushahidi: Uchambuzi wa Kisa cha Sampuli za Moshi wa Mabani ya Tumbaku, Urambo

Jedwali lenyewe lilikuwa la ukurasa mmoja. Kushoto yamepangwa majina ya kemikali 16, zile hidrokaboni za duara nyingi ambazo maabara duniani huziita PAH, na kulia matokeo ya moshi uliovutwa kwa pampu kwenye midomo ya matanuru ya mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, wilayani Urambo, mkoani Tabora. Mstari wa benzo(a)pireni ulikaribia kujaa neno moja: haikugundulika. Kriseni nayo hivyo hivyo. Naftalini, ambayo moshi wa kuni haukosi, ilikuwa kidogo mno. Zilizoonekana vizuri kidogo ni zile za katikati, fenanthreni na wenzake, nazo kwa kiasi cha kukatisha tamaa.

Aliyeifanya kazi hiyo ni binti wa shahada ya uzamili. Alikuwa amewaahidi wakulima kwamba majibu yatarudi kwao, na mwenyekiti wa AMCOS, chama chao cha ushirika, aliishika ahadi hiyo. Alimpigia simu mapema kabla ya mkutano mkuu.

"Binti yangu, nimesikia majibu yametoka. Niwaambie watu moshi wetu hauna shida?"

"Shikamoo mzee. Naomba unipe muda kidogo, bado nayapitia."

Hakuwa na sababu ya kitaalamu ya kumcheleweshea. Mashine ilikuwa imesoma, karatasi ilikuwa na muhuri. Ila alikuwa amekaa kwenye moshi ule, ameuona ukipaka masizi kwenye kuta za udongo na kwenye mikono ya wanaochochea moto, na hakuamini kwamba haumo ndani yake kile ambacho moshi wa kuni huwa nacho siku zote. Akanitumia jedwali pamoja na daftari lake la maabara. Nayaandika haya kwa ridhaa yake, na kwa sababu kosa lililotokea hapa linaweza kutokea kwenye maabara yoyote inayopima hewa, maji au udongo.

Kwanza tuelewane kuhusu bani. Tumbaku inayolimwa sana Tabora ni tumbaku ya mvuke, yaani Virginia. Majani hutungwa kwenye fito, fito hupangwa ndani ya bani, na moto huwashwa kwenye tanuru nje. Joto hupita ndani kwa mabomba na moshi hutokea kwenye bomba la juu, hivyo jani haliguswi na moshi. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, joto likipandishwa pole pole kutoka nyuzi thelathini na kitu, jani linapogeuka njano, hadi karibu nyuzi 70 vikonyo vinapokauka. Kwa kuwa jani halinuki moshi, watu wengi huamini kwamba moshi wa bani la mvuke si tatizo. Lakini tanuru linachochewa na mtu, usiku na mchana, na kuni za miombo zikiwa mbichi au bomba likiwa limeziba au kupasuka, moshi unarudi kwa mdomo wa tanuru, usoni kwa anayechochea. Mara nyingi ni familia inayopokezana, na watoto hulala hapo hapo karibu na moto.

Benzo(a)pireni imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la 1, yaani kemikali ambazo uthibitisho wa kusababisha saratani kwa binadamu umetosha. Umoja wa Ulaya uliiwekea lengo la nanogramu 1 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka mzima. Sipendi lengo hilo lilinganishwe na kipimo cha saa chache mdomoni mwa tanuru, maana wastani wa mwaka ni kitu kingine kabisa. Ninalitaja ili msomaji aone ni kiasi kidogo namna gani kinachotafutwa: nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ukitafuta nanogramu, kila chombo ambacho sampuli imepita ndani yake kinaweza kuiba, na ukaondoka na jibu safi lenye uongo.

Sampuli zilichukuliwa hivi. Pampu ndogo inayobebwa mkandani, ikivuta takriban lita 2 kwa dakika, iliunganishwa na kichujio, na nyuma ya kichujio ikawekwa tubu ya kioo yenye sorbenti, yaani vipunje vya kunasa mvuke. Kichujio kinashika masizi na chembe. Benzo(a)pireni ni nzito, katika hewa ya kawaida karibu yote hupanda juu ya chembe, hivyo hubaki kwenye kichujio. Nyepesi kama naftalini hupita kichujio kwa hali ya mvuke na kunaswa na sorbenti. Zile za katikati hugawanyika, na hewa ikiwa ya moto, kama mdomoni mwa tanuru, hata kilichokwisha kukaa kwenye kichujio huweza kung'olewa na kusukumwa nyuma. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika.

Mpango wa awali ulikuwa kutumia tubu za XAD-2, vipunje vya plastiki ya polistireni vyenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Muuzaji hakuwa nazo. Akaleta tubu za mkaa amilifu unaotokana na vifuu vya nazi, zile kubwa zenye miligramu 400 mbele na 200 nyuma, akisema zote ni sorbenti na zinafanya kazi moja. Chuoni zilikuwa zimebaki tubu chache za XAD-2 kutoka mradi wa zamani, akazitumia kwenye bani moja, na kwingine kote akatumia mkaa.

Baada ya hapo uchopoaji, yaani kuzitoa kemikali kwenye kichujio na sorbenti kwa kiyeyushi, ulifanyika Tabora, kwa sababu nzuri. Mwongozo wa Marekani unaotumika sana kwa PAH za hewani, TO-13A, unataka sampuli ichopolewe ndani ya siku 7 tangu ichukuliwe, na mpaka hapo ikae kwenye baridi na gizani, maana mwanga huharibu kemikali hizi. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na barafu haingoji. Kwa hiyo binti alichopolea hapo hapo kwa kifaa cha Soxhlet, kisha chupa ndogo za kimiminika zikapelekwa mjini kusomwa kwa mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake.

Kifaa cha Soxhlet kilibuniwa na Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa, na mpaka leo kinaaminika sana. Chini kuna chupa yenye kiyeyushi kinachochemka. Mvuke unapanda, unapozwa na kondensa yenye maji yanayotembea, unadondoka juu ya kikombe cha selulosi chenye sampuli. Kikombe kikijaa, kimiminika kinajivuta chenyewe na kurudi chini pamoja na kilichoyeyuka. Inazunguka hivyo kwa saa 16 hadi 24, mara 4 hadi 6 kila saa. Kiyeyushi alichotumia ni dikloromethani, chaguo la kawaida kabisa. Kichujio na sorbenti aliviweka pamoja kwenye kikombe kimoja, kama mwongozo unavyoruhusu.

Hapo kwenye kikombe ndipo kisa chote kilipo.

Nilipofungua daftari lake, kilichonishika hakikuwa namba. Ilikuwa sentensi aliyoiandika pembeni, asubuhi ya uchopoaji wa kwanza: "Kichujio kimeingia cheusi, kimiminika kimetoka karibu cheupe." Kwenye sampuli za XAD-2 aliandika: "rangi ya chai ya rangi." Mtu yeyote aliyewahi kuchopoa moshi wa kuni anajua kwamba kimiminika lazima kitoke na unjano au uhudhurungi, kwa sababu lami ya moshi inayeyuka vizuri sana kwenye dikloromethani. Kimiminika kikitoka cheupe wakati kichujio kilikuwa cheusi, kuna kitu kimeifyonza rangi hiyo njiani. Na kazi ya mkaa amilifu, tangu viwandani kwa watengeneza sukari hadi kwenye mitambo ya maji, ni kufyonza rangi.

Yeye alikuwa ameyasoma hayo kinyume. Kwa kuwa tubu za XAD-2 zilikuwa za zamani, na kwa kuwa zenyewe tu ndizo zilizoonyesha benzo(a)pireni, alizishuku kuwa zimechafuka kabatini. Simlaumu. Sampuli nyingi zikikubaliana na chache zikikataa, ni rahisi kuamini nyingi. Lakini wingi wa sampuli si ushahidi ikiwa zote zimepita kwenye mlango mmoja mbovu.

Bahati njema, alikuwa amefanya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu ya gharama: aliweka mashahidi. Kabla ya kuwasha jiko, kila kikombe kilidondoshewa kiasi kinachojulikana cha PAH ambazo hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa dyuteri, yaani hidrojeni nzito. Kemikali hizo hufanya kila kitu sawa na ndugu zao wa kawaida, huyeyuka vile vile na kunata vile vile, ila mashine huzitofautisha kwa uzito, na kwenye moshi wa kuni hazipo. Ukiweka 100 na mashine ikaona 90, unajua njia yako imepoteza 10. TO-13A inataka zirudi kati ya asilimia 60 na 120. Alikuwa na tano: naftalini, asenaftheni, fenanthreni, kriseni na perileni, kuanzia nyepesi ya duara mbili hadi nzito ya duara tano.

Maabara iliyosoma sampuli ilituma matokeo ya mashahidi kwenye karatasi ya nyuma. Hakuna aliyeigeuza. Naona uchungu kuliandika hili, kwa kuwa nimeona ripoti nyingi nchini ambazo ukurasa huo haupo kabisa, na msomaji hana hata cha kugeuza.

Tulipoipanga ile karatasi ya nyuma, tukaona umbo. Kwenye sampuli za mkaa, naftalini ilirudi kidogo, asenaftheni ikaizidi kidogo tu, fenanthreni ikapanda kiasi, halafu kriseni ikaporomoka, na perileni karibu haikurudi kabisa. Kwenye sampuli za XAD-2, kriseni na perileni zilirudi vizuri, ndani ya mipaka, lakini naftalini na asenaftheni zilipungua vile vile kama kwenye mkaa.

Hapo hatuhitaji mashine nyingine ili kufikiri. Nzito zinapotea kwenye mkaa tu, kwa hiyo mwizi wa nzito ni mkaa. Nyepesi zinapotea kote kote, kwa hiyo mwizi wa nyepesi ni kitu ambacho sampuli zote zilikipitia. Ni makosa mawili, yalitokea siku zile zile, na yamekula jedwali kutoka ncha mbili. Ndiyo maana zilizobaki zilikuwa za katikati. Lau tungeangalia wastani wa mashahidi wote kwa pamoja, tungeona namba ya wastani isiyosema lolote.

Tuanze na mkaa. Uso wa mkaa amilifu, ukiutazama kwa kiwango cha molekuli, umejaa vipande bapa vya kaboni vilivyounganika kwa duara za pembe sita. PAH nazo ni bapa na zimeundwa kwa duara hizo hizo. Zikikutana zinalaliana bapa kwa bapa, na kadiri duara zinavyokuwa nyingi ndivyo eneo la kushikana linavyokuwa kubwa. Naftalini ina duara mbili, unaweza kuing'oa. Perileni na benzo(a)pireni zina tano. Dikloromethani ni kiyeyushi kizuri lakini si bapa na haina duara, haina cha kushindana nacho kwenye uso ule.

Tena Soxhlet ina udhaifu wake ambao haupendwi kutajwa: sampuli hailowi kwenye kiyeyushi kinachochemka, inalowa kwenye kile kilichokwisha kupozwa. Joto kikombeni ni dogo kuliko chini kwenye chupa.

Mpaka hapa mtu anaweza kuuliza: benzo(a)pireni si ilikuwa kwenye kichujio? Mkaa uliipataje? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nione kisa hiki kinafaa kuandikwa. Kichujio na mkaa viliwekwa kikombe kimoja. Dikloromethani ilipodondoka, ilifanya kazi yake kwa kichujio, ikaiyeyusha benzo(a)pireni kutoka kwenye masizi. Lakini kabla ya kurudi chini, kimiminika hicho kilikaa dakika kadhaa kikiwa kimeuzunguka mkaa. Mkaa ukaichukua. Mzunguko uliofuata ukatoa nyingine, mkaa ukaichukua pia. Kwa hiyo usiku kucha kifaa kilikuwa kikihamisha sumu kutoka kwenye kichujio, ambako ingepimika, kwenda kwenye mkaa, ambako haikupimika. Kadiri alivyochopoa kwa muda mrefu, ndivyo alivyoipoteza zaidi.

Na hili si jambo geni kwa wanaopima dioksini, sumu bapa zenye klorini. Wao hulifanya kwa makusudi. Hupitisha mchanganyiko kwenye safu ndogo ya kaboni, wakasukuma kwa dikloromethani na viyeyushi vya aina yake ili PCB, kemikali nyingine zenye klorini, zile zisizo bapa, ziondoke, na dioksini ambazo ni bapa zibaki zimeng'ang'ania. Kisha wanageuza safu juu chini na kuisukuma kwa tolueni, dioksini zikatoka. Tolueni yenyewe ina duara ya benzini, inaweza kukaa kwenye uso wa mkaa na kumsukuma aliyekaa. Na inachemka kwa nyuzi karibu 111 usawa wa bahari, kwa Tabora iliyo takriban mita 1,200 juu ya bahari ni kama 105, hivyo hata baada ya kupozwa inafika kikombeni ikiwa na joto la maana. Binti alikuwa amejenga nusu ya kwanza ya mtambo wa dioksini bila kujua, nusu ya pili ikakosekana.

Ilibidi ithibitishwe, si kusimuliwa. Vikombe vilivyotumika alikuwa amevihifadhi kwenye friza, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya alumini na kuandikwa namba yake. Alivihifadhi kwa sababu chuo hakikuwa na mahali pa kutupa taka za kemikali, na yeye hakutaka kuzitupa kwenye shimo la nyuma ya jengo. Uadilifu huo ndio uliookoa kazi. Tukachukua vikombe vile vile vya mkaa, tukavirudisha kwenye Soxhlet, safari hii kwa tolueni, usiku kucha.

Asubuhi chupa ya chini ilikuwa na rangi ya kahawia.

Mashine iliposoma kimiminika kile, kilele cha benzo(a)pireni kilikuwepo, na kriseni ipo. Lakini kilichomaliza ubishi ni perileni ya dyuteri. Ile haiwezi kuwa imetoka kwenye moshi, wala kwenye vumbi la maabara, wala kwenye uchafu wa tubu. Iliwekwa na mkono wa binti siku ya uchopoaji wa kwanza, dikloromethani ikashindwa kuirudisha, na sasa tolueni imeitoa mahali ilipokuwa imekaa muda wote huo. Shahidi alikuwa hajafa, alikuwa amefungiwa.

Upande wa nyepesi kazi ilikuwa ya subira zaidi kuliko ya akili. Kulikuwa na washukiwa wawili: Soxhlet, au hatua ya kupunguza kimiminika mwishoni kutoka kwenye mililita mia na kitu hadi mililita moja. Hatua hiyo inaogopwa kwa haki, kwani ukipuliza gesi ya nitrojeni kwa pupa mpaka chupa ikauke, naftalini inaondoka nayo. Tukachukua kiyeyushi kitupu, tukaweka mashahidi, tukakipitisha kwenye hatua ya mwisho peke yake. Mashahidi wakarudi vizuri. Tukapitisha kingine kwenye Soxhlet yenye kikombe kitupu. Nyepesi zikapotea.

Kondensa, basi. Maji yake yalitoka kwenye tangi jeusi la plastiki lililo juu ya mnara nje, linalopigwa na jua kuanzia asubuhi. Dikloromethani huchemka kwa nyuzi karibu 40 usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa Tabora, ambako hewa ni nyepesi, inachemka karibu nyuzi 36. Ukigusa maji ya tangi lile saa nane mchana ni ya vuguvugu. Tofauti kati ya mvuke unaotaka kupozwa na maji yanayoupoza ilikuwa nyuzi chache tu. Sehemu ya mvuke haikupozwa, ikatokea juu ya kondensa na kuondoka, ikibeba naftalini. Usiku hali ilikuwa nafuu, mchana mbaya, na kwenye daftari ameandika mara kwa mara kwamba ameongeza kiyeyushi kwa kuwa chupa imepungua. Kila alipoongeza, alikuwa anaziba pengo la kiyeyushi, si la naftalini. Miongozo hii iliandikwa na watu ambao maji yao ya bomba kwa kawaida ni ya baridi. Haisemi chochote kuhusu tangi la juani, na ni sisi tunaopaswa kulisema.

Kuna jambo moja ambalo nilitofautiana na mwenzangu aliyesaidia usomaji wa mashine. Yeye aliona kwamba tunaweza kujumlisha kilichotoka kwa dikloromethani na kilichotoka kwa tolueni, tukasahihisha kwa kutumia mashahidi, na tukapata namba kwa sampuli zote. Hoja yake ina uzito, na dioksini hupimwa kwa mantiki ya namna hiyo. Mimi nilikataa. Shahidi anadondoshwa juu ya sampuli akiwa ameyeyuka, anakaa nje nje. Benzo(a)pireni ya moshi iliundwa ndani ya mwali wa moto pamoja na masizi yenyewe, nyingine imefunikwa na matabaka ya kaboni. Shahidi akirudi kwa asilimia 80, hiyo inanihakikishia habari za shahidi, hainihakikishii kwamba aliyezikwa ndani ya masizi naye ametoka kwa kiwango hicho. Juu ya hapo, vikombe vilikuwa vimekaa kuliko muda unaoruhusiwa, na nyepesi zilishaondoka, hakuna hesabu ya kuzirudisha. Tukakubaliana hivi: sampuli za mkaa zitasema kemikali ipo, bila kiasi. Sampuli za XAD-2 zitabaki na namba zake kwa zile nzito tu, ambako mashahidi walikuwa ndani ya mipaka, na zitaelezwa kuwa ni za bani moja.

Naftalini ya XAD-2 nayo tuliiacha pembeni kwa sababu ya ziada. Vipunje hivyo, vikikaa muda mrefu, huweza kuachia naftalini yao wenyewe. Ndiyo maana husafishwa kwa Soxhlet kabla ya kwenda shambani, na ndiyo maana lazima kuwe na tubu tupu inayosafiri pamoja na nyingine, ifunguliwe na kufungwa bila kuvuta hewa. Tubu tupu ya zile za zamani haikuwepo.

Jedwali likaandikwa upya. Neno "haikugundulika" liliondolewa kwenye mistari yote ya nzito kwa sampuli za mkaa, na mahali pake pakaandikwa "haikuweza kupimwa kwa njia hii, uwepo umethibitishwa". Tulibishana kidogo juu ya urefu wa maneno hayo kwenye kijisanduku cha jedwali. Yalibaki. Anayesoma jedwali hasomi sura ya mbinu, na mwenyekiti wa AMCOS angesoma jedwali.

Alikwenda mwenyewe kumkabidhi. Mzee alisoma, akavua miwani.

"Kwa hiyo binti yangu, hamjui?"

"Tunajua ipo mzee. Ni kiasi gani, hilo ndilo bado. Ile karatasi ya kwanza ingewaambia haipo."

"Na hawa watoto wanaolala pale?"

Kwa swali hilo hakuhitaji GC-MS, na nilifurahi kwamba hakujificha nyuma yake. Alimwambia kulala kuhamie upande ambao upepo unatokea, kuni zikaushwe tangu kiangazi zisiingie tanuruni mbichi, bomba la moshi lililopasuka lizibwe kabla ya msimu, na anayechochea asikae mbele ya mdomo baada ya kuongeza kuni. Mzee alitaka yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya peke yake, na ndivyo ilivyofanyika.

Kwa msimu uliofuata mpango umebadilika. Kichujio na sorbenti vinachopolewa vikombe tofauti, hata kama mwongozo unaruhusu pamoja, ili kila kimoja kisijibie cha mwenzake. Sorbenti ni XAD-2 iliyosafishwa, na tubu tupu inasafiri. Masizi ya kichujio yanachopolewa kwa tolueni, kisha vikombe vichache vinarudiwa mara ya pili ili kuona kama bado kuna kinachotoka. Kikitoka, muda unaongezwa. Kwa tolueni tumeweka masharti makali zaidi: inashika moto upesi, kwa hiyo jiko ni la kufunika lisilo na mwali, kabati la kuvuta hewa linawashwa kabla ya jiko, na umeme ukikatika usiku mlinzi anajua kuzima swichi ili jiko lisijiwashe lenyewe umeme ukirudi kabla ya maji na feni kukaguliwa. Kondensa haitegemei tena tangi la nje. Maji yanazungushwa kwa pampu ndogo ya bustani kutoka kwenye ndoo yenye chupa za barafu, na kipimajoto kinaning'inia ndani ya ndoo. Yakifika nyuzi 20, chupa zinabadilishwa. Karatasi ya mashahidi inabandikwa mbele ya matokeo, si nyuma.

Tubu za mkaa zilizobaki hazikutupwa. Kwa benzini na tolueni zilizomo kwenye mvuke wa petroli, mkaa unaochopolewa kwa kaboni disalfaidi ndiyo njia inayokubalika kwa miaka mingi, kwa kuwa molekuli hizo ndogo za duara moja zinang'oka bila shida. Mwanafunzi mwingine amezichukua kwenda kupima hewa wanayovuta wahudumu wa vituo vya mafuta mjini Tabora.